Nyumba isiyo na ua: jibu kwa baba wa Hamburg

Baba mmoja wa Kitanga anayeishi Hamburg, Ujerumani, ameniandikia. Nimefupisha kidogo:

"Shikamoo mama. Mke wangu ni muuguzi, na wiki moja ndiyo, wiki moja siyo, zamu yake inaangukia Jumamosi na Jumapili. Siku hizo nabaki mimi na binti yetu wa miaka minne. Wiki nzima nimebeba maboksi bohari, mwili umekwisha. Asubuhi tu anaanza: baba, leo tunafanya nini? Nikimpeleka uwanja wa michezo, baada ya saa moja nimechoka. Mvua ikinyesha nampa simu. Nikimsemesha Kiswahili ananijibu Kijerumani. Mwalimu wake wa chekechea kaniambia nimsemeshe Kijerumani nyumbani asije akachanganyikiwa. Bibi yake Tanga analia kwamba mjukuu hamjibu kwenye simu. Siku hizi mbili nizifanyeje? Na je, nimnunulie tableti yenye michezo ya Kiswahili?"

Marahaba, mwanangu, na pole na maboksi.

Kabla sijafika kwenye Kijerumani na tableti, rudi nyuma kidogo. Wewe ulipokuwa na miaka minne, Jumamosi asubuhi baba yako hakukufanyia chochote. Kumbuka vizuri. Alikuwa kazini, au barazani na kahawa yake, au amelala. Hakuna mtu mzima aliyekuinamia akakuuliza ungependa tufanye nini leo. Ulikuwa uani. Shangazi anapepeta mchele, mwingine anafua, jirani kapiga hodi kuazima mbuzi ya kukunia nazi na saa nzima imepita hajaondoka, kuku wanapita, na wewe umo humo humo, unasikia maneno ya wakubwa yasiyokuhusu. Na kila baada ya muda mtu anakutuma.

Binti yako anakulia nyumba isiyo na ua. Mlango ukifungwa mpo wawili, na wewe peke yako unatakiwa uwe shangazi, jirani, watoto wenzake na kuku. Ndiyo maana saa moja uwanjani inakuchosha kuliko siku nzima ya bohari. Nimefanya kazi katika chekechea za Ujerumani miaka ishirini na ushei, na karibu kila baba wa kwetu anayeniletea swali hili anajiona mvivu. Mimi uvivu siuoni. Namwona mtu mmoja anafanya kazi ya ua mzima, tena kwa njia ya kumburudisha mtoto, njia ambayo mwenyewe hakulelewa nayo.

Acha kumburudisha, anza kumtuma.

Najua siku hizi neno hilo lina ukakasi. Mtu akisikia kumtuma mtoto anafikiria utumwa. Mimi nasema kama mtu wa lugha. Sikiliza sentensi hii: "Nenda kaniletee kikombe changu cha bluu, kile kilichobaki mezani." Humo mna ile -ka- ya nenda ukafanye, mna -ni- yako wewe unayeletewa, mna leta iliyogeuka letea, na ngeli ya ki imejirudia mara tano toka kikombe hadi kilichobaki. Darasani hayo ni masomo ya muhula mzima. Mtoto wa uani anayapata kwa pumzi moja, na jibu lake ni miguu: akirudi na kikombe, ameelewa, akirudi na sahani, mnacheka na unamtuma tena. Hakuna aliyemdai aseme neno.

Linganisha na maswali ambayo sisi wazazi wa ughaibuni tunayapenda mno: hii rangi gani? huyu mnyama gani? moja, mbili, halafu? Huo ni mtihani, na mtoto hunusa mtihani toka mbali. Isitoshe unampa majina ya vitu tu. Nimeona watoto wengi wanaojua tembo, twiga, nyekundu na kijani, na hawawezi kusema "nishikie."

Kwa hiyo Jumamosi ianze sokoni, na hapo Wajerumani wenyewe wanakusaidia. Jumapili maduka yao yamefungwa, na si kwa mazoea tu. Siku hiyo imelindwa na katiba, kwa kifungu kilichorithiwa kutoka katiba ya mwaka 1919. Kilichosahaulika Jumamosi kimesahaulika. Mwambie binti yako hivyo kwa uzito wote: kesho duka halifunguliwi, tukisahau unga hatuli chapati. Mpe vitu vitatu vya kukumbuka yeye, unga, vitunguu na ndizi, na wewe usimsaidie haraka. Mkifika kwa muuzaji, mtume kwake: "Mwambie huyo baba atupe vitunguu vinne, vikubwa." Anapokea kwa Kiswahili, anatoa kwa Kijerumani, na lugha zake zote mbili zimepata kazi. Lakini hapo weka mpaka. Kukalimani vitunguu ni raha. Barua za ofisi, mambo ya benki na ya daktari si ya mtoto, hata akifika miaka kumi.

Jambo dogo ambalo hukuambiwa ulipokuja: kwenye kaunta ya nyama, muuzaji mara nyingi humpa mtoto kipande cha soseji bure. Ni upole wao, hawana nia mbaya. Kama kwenu hamli nguruwe, mfundishe mapema aulize kwanza ni nyama gani. Hilo nalo ni la kutumwa.

Mchana, jikoni. Hapa sina maneno mengi kwa sababu chapati zinajieleza. Chekecha, kanda, kata matonge, sukuma, paka mafuta, kunja, sukuma tena, geuza. Mtoto asimame juu ya kigoda kwenye kibao cha kusukumia. Jiko la moto na mafuta ni yako. Unga ukiwa unapumzika nusu saa, na wewe pumzika. Kaa chini. Mwambie waziwazi: baba anakaa, wewe cheza karibu yangu. Ataboreka, atalalamika, kisha atachukua vijiko awafanye watu na kuanza kuwasemesha. Tega sikio anawasemesha lugha gani, ila usimwonyeshe kwamba unasikiliza.

Na hapo hapo jikoni ndipo pa kumpigia bibi. Fikiria mtoto anachokutana nacho sasa: uso mkubwa kwenye kioo unauliza umekula, umekula nini, unanipenda, na baba kasimama nyuma anamsukuma bega, mjibu bibi. Hata mimi ningekimbia. Simu iegemeze kwenye kopo la sukari, bibi naye awe anapika kwake, na wakae hivyo nusu saa bila kulazimika kutazamana. Majira ya baridi Tanga iko mbele yenu kwa saa mbili, kiangazi kwa saa moja, kwa hiyo siku mkiwahi jikoni, saa nne na nusu yenu asubuhi bibi yuko kwenye chakula cha mchana. Mwombe bibi aache kuuliza, naye atume: "Mwambie baba yako huo unga maji yamezidi." Mtoto anageuka, anakuambia. Mara ya kwanza atakuambia kwa Kijerumani chenye neno moja la Kiswahili. Lipokee hilo neno, itikia kwa Kiswahili, ongeza unga. Bibi atakuwa amejibiwa.

Nimetaja saa, na wengi huulizia. Ndiyo, mfundishe saa ya Kiswahili, lakini bado mapema. Mtoto anayeambiwa na mwalimu kwamba sasa ni saa kumi na baba anamwambia ni saa nne atakuona unakosea. Kwa miaka minne inatosha asubuhi, mchana, alasiri, magharibi. Ngoja afike shule ya msingi, ndipo umwoneshe kwamba sisi twaanza kuhesabu pale jua linapochomoza. Wengi wakishaelewa hujidai nayo kwa wenzao.

Sasa Jumapili. Jumapili ya Ujerumani ni kimya cha kuheshimiwa: hakuna kutoboa ukuta, hakuna kupeleka chupa kwenye pipa la vioo, na kama una kinu na mchi, nakusihi, si siku hiyo, si juu ya sakafu ya mbao. Mtoto kucheka na kulia ni jambo jingine. Tangu mwaka 2011 sheria yao inasema kelele za watoto kwenye chekechea na viwanja vya michezo kwa kawaida zisihesabiwe kuwa kero ya mazingira, na jirani mwenye busara huchukulia hivyo hata ghorofani. Ila dawa ya kweli ya Jumapili ni kutoka nje, na nyinyi watu wa Tanga mmebahatika kuishi Hamburg, si Munich. Nitakuambia kwa nini.

Mto Elbe hupwa na kujaa. Bahari iko mbali, zaidi ya kilomita 100, lakini maji yake hufika mpaka bandarini Hamburg, na tofauti kati ya kupwa na kujaa inapita mita 3. Sasa wewe kijana wa Tanga, umekua unajua maji yamepwa ni nini, bamvua ni nini, ni wakati gani watu wanashuka ufukweni kuokota. Mtoto wako anapita kando ya maji hayo hayo na pengine hajawahi kusikia neno moja kati ya hayo. Pandeni kivuko namba 62 pale Landungsbrücken. Ni usafiri wa umma kama basi, tiketi yako ya kawaida inatosha, na mtoto chini ya miaka sita halipi. Kaeni juu, nje, hata kukiwa na baridi. Gati, nanga, kamba, mawimbi, winchi, makontena: utajikuta unasema Kiswahili ambacho wiki nzima hukukihitaji, na kwa sauti ya mtu anayejua anachokisema. Mtoto huisikia tofauti hiyo. Bandarini hapo ndipo meli za Deutsche Ost-Afrika Linie, kampuni iliyoanzishwa Hamburg mwaka 1890, zilipokuwa zikitokea kwenda Tanga na Dar es Salaam. Hilo ni lako. Yeye mwambie tu kwamba meli zilitoka hapa zikafika kwa bibi.

Shukeni Neumühlen, mtembee ufukwe wa Övelgönne. Kuna mchanga wa kweli. Chora mstari maji yalipofika, mwache aweke kijiti, nendeni mkale, mrudi mkakiangalie. Kijiti kimefunikwa au kimebaki pakavu? Yamejaa au yamepwa? Nimefanya mchezo huu na watoto ambao wazazi waliapa hawasemi neno la Kiswahili, na baada ya mara ya tatu wakawa wanapiga kelele "yamejaa!" bila kujua wamesema. Angalizo moja la lazima: meli kubwa za makontena zikipita, maji huvutwa kwanza kisha hurudi kwa nguvu ukingoni. Mshike mkono, asikae kwenye ukingo, na kuogelea hapo sahau kabisa.

Mbele kidogo kuna jiwe kubwa, watu humiminika kulipanda. Lina uzito wa tani 217. Lilitolewa chini ya mto mwaka 1999 wakati wa kuchimba njia ya meli, na wataalamu waligundua kwamba barafu ya zama za kale ndiyo iliyolisukuma kutoka Sweden. Wenyeji wameliita Mswidi Mzee. Huna haja ya kitabu cha hadithi. Paukwa, pakawa: palikuwa na jiwe, kwao mbali, likaja bila kupenda. Mwachie yeye aseme jiwe lilipofika lilikuta nini. Paukwa na kitendawili vina siri moja ambayo nyimbo za kwenye simu hazina: haviendi mbele mpaka mwenzako aitike. Anza na cha yai, nyumba yangu haina mlango, na mwache yeye akutegee hicho hicho mara kumi. Atakutegea. Jifanye hujui kila mara.

Ikiwa ni wa kuamka alfajiri kama wengi wa umri huo, kuna pia mnada wa samaki, Fischmarkt, Jumapili asubuhi na mapema, upo tangu 1703 na saa tatu na nusu asubuhi wameshafunga. Wauzaji wanapiga kelele juu ya malori kama wako mnadani kwetu. Wewe utafurahi kuliko yeye.

Siku ya kutotaka kelele kabisa, makaburi ya Ohlsdorf ni makubwa kiasi kwamba mabasi ya abiria hupita ndani yake, na familia hutembea humo kama bustani. Humo kalala Sayyida Salme, binti wa Sultani Said wa Zanzibar, aliyefika Hamburg mwaka 1867 na jina jipya la Emily Ruete. Mwaka 1870 mumewe alifariki kwa ajali ya tramu ya farasi, akabaki mjini humo na watoto watatu, mkubwa wao hajafika miaka mitatu. Kwa binti yako ni miti tu na bata. Nakutajia wewe, siku ukijiona ndiye mzazi wa kwanza wa kwetu kukaa na mtoto mdogo kwenye baridi ya mji huo.

Jioni mama mtu akirudi, asiulize "mlifanya nini" huku wewe ukijibu. Kaa kimya. Yeye ajifanye hajui chochote, mtoto ampashe habari: tulikwenda, tukapanda, tukaona jiwe, likawa... Hiyo -ka- ya masimulizi haipatikani kwenye kutumwa; inahitaji mtu ambaye hakuwepo. Zamu ya mke wako, ambayo naona inakuuma, ndiyo inayomleta mtu huyo.

Nije kwa mwalimu wa chekechea. Alilosema lilikuwa ushauri wa kawaida zamani, na bado wapo wanaoutoa kwa nia njema. Mtoto hachanganyikiwi na lugha mbili. Akisema "Baba, ich möchte maji," yaani anataka maji, hajapotea. Ametumia neno lililokuwa karibu, na anajua vizuri asimwambie mwalimu wake hivyo. Kijerumani anakipata kwa Wajerumani, siku tano kwa wiki, kwa watu waliozaliwa nacho. Wewe ukimpa Kijerumani cha bohari atakuwa amekosa Kiswahili chako kizuri na kupata Kijerumani chako kibovu, nisamehe kwa kusema. Mjibu mwalimu kwa adabu kwamba nyumbani ni Kiswahili, na mwombe akuambie anavyoendelea Kijerumani. Hilo usilipuuze, kwa sababu Hamburg watoto huitwa shuleni kutazamwa wakiwa na miaka minne na nusu, na Kijerumani kikionekana dhaifu anawekwa darasa la awali. Kwenye kipimo cha daktari wa watoto, kile wanachokiita U8, sema tangu mwanzo kwamba ana lugha mbili, ili maneno yake yahesabiwe ya pande zote. Kinachofaa kukutia wasiwasi ni mtoto wa miaka minne ambaye haelewi maagizo mepesi katika lugha yoyote, au ambaye watu wasiomzoea hawamwelewi anasema nini kwa lugha yoyote. Huyo apelekwe bila kungoja. Wako, kwa ulivyomweleza, anaelewa kila kitu na anachagua njia fupi.

Kwa njia hiyo fupi usigombane naye. Baba wengine hujifanya hawasikii Kijerumani; mtoto aliyekuona asubuhi unaongea na dereva wa basi anajua huo ni uongo. Akikuambia kwa Kijerumani anataka uji, itikia: "Unataka uji? Haya, uji na asali au uji mtupu?" Umemrudishia sentensi yake kwa Kiswahili bila kumsahihisha, na umemwachia swali ambalo ndiyo na hapana haziwezi kulijibu. Akisema "kitabu yangu," sema "kitabu chako kiko wapi?" na mwendelee.

Tafuteni familia moja nyingine yenye mtoto wa rika lake inayosema Kiswahili, ya Mombasa, ya Bukavu, ya popote. Moja inatosha, kila baada ya wiki mbili, nyumba hii na ile. Watoto wenyewe huenda wakacheza kwa Kijerumani, usishangae, lakini wataona kwamba Kiswahili si ugonjwa wa baba peke yake. Wakati wa kula walisheni wote. Ni uwanjani kwa Wajerumani tu ndipo usimpe mtoto wa mtu hata kipande cha ndizi kabla hujamuuliza mzazi wake.

Na tableti? Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2019, linasema mtoto wa umri huo asikae mbele ya kioo zaidi ya saa moja kwa siku, ikipungua ni bora, na awe kwenye mwendo angalau saa tatu kwa jumla. Saa ya bibi mimi siihesabu humo. Siku umechoka sana na mvua inanyesha, mpe hiyo saa moja bila kujilaumu, kisha izime. Lakini pesa ya tableti usiitoe. Nunua buti za mpira na ile suruali ya kuchezea matope, yako na yake, masoko ya mitumba ya Jumapili yamejaa. Chukua namba moja juu, soksi nene ziingie.